Uso wa Minko kwa Mkaa

Mume wangu Minko alipofariki, mwezi wa nne, picha pekee tuliyoipata ya kutia kwenye tangazo la kifo ni ile ya kitambulisho. Alipigwa picha hiyo siku ambayo jino linamuuma. Shavu limevimba, jicho moja dogo kuliko jingine, ukimtazama unajiuliza huyu kaiba ng'ombe wa nani. Nikawaomba watu wa duka la kuchapisha wamrekebishe kidogo, wakaniambia mama, mashine inatoa kilichopo. Picha nyingine hazikuwapo. Ya harusi ana nywele mpaka mabegani, hata mimi simtambui, na zote zilizobaki kageukia jiko anachoma nyama, unaona mgongo tu.

Basi tukabandika hiyohiyo. Mlangoni kwetu, kwenye lango la kanisa, kwenye mti ulio mbele ya duka la mikate, na moja nikampa jirani yake wa bustani akaibandike huko juu, kituo cha mwisho cha basi namba nne, ambako Minko alikuwa na kipande chake cha nyanya na mimi sikanyagi. Siku ya arobaini nikabandika tena, kama desturi yetu ilivyo. Miezi sita tena. Kila nikienda kununua mkate namkuta mume niliyeishi naye miaka thelathini na nane anawakodolea watu macho kama mhalifu. Iliniuma, sisemi uongo. Nikala kiapo kwamba tangazo la mwaka halitoki na sura ile. Nitamchora mwenyewe.

Jirani yangu wa chini, Zhivka, alicheka mpaka akashika ukuta. Eti Dobrina, uliyeshona magunia kiwandani miaka yote hiyo, leo unataka kuwa mchoraji? Nikamwambia cheka tu, ila usinifuate ukitaka wa kwako achorwe.

Darasa lilikuwa ukumbi wa utamaduni, Jumanne na Ijumaa saa nne asubuhi. Mwalimu wetu Genadi alichora mapazia ya jukwaa la maigizo maisha yake yote, sasa amestaafu, ndevu zimeungua upande mmoja kwa sigara. Mkaa anautengeneza mwenyewe. Anakata vijiti vya miti laini kando ya mto Danube, anavipanga ndani ya kopo la kakao, anaziba kwa udongo, anatia kwenye jiko. Vinatoka vyeusi, vyepesi, ukivikandamiza kidogo vinakatika. Wiki ya kwanza nilivunja vijiti tisa, akaniambia, "Bi Dobrina, hapa hushoni gunia."

Alituwekea yai la kuchemsha juu ya kitambaa cheupe tulichore. Langu likatoka kiazi. Akanifundisha kufinya macho mpaka vitu vyote vibaki giza na mwanga tu, nianze na giza, mwanga niiachie karatasi. Na badala ya raba akagawa mkate, ule wa ndani, mweupe, unaufinyanga kwa vidole kisha unanyofoa nao weusi. Hilo lilinishinda. Kwetu mkate ukianguka unauokota unaubusu, huyu anatuambia tupangusie masizi. Wiki mbili nilifuta kwa vidole kwa siri mpaka karatasi zangu zote zikawa kijivu, ndipo nikakubali, na nilikubali kwa kununa.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Mchoro haupuliziwi dawa ya nywele ya kushika mkaa mpaka yeye aseme umekwisha. Kabla ya hapo mkaa umekaa juu ya karatasi kama vumbi juu ya kabati, ukipitisha kiganja tu umekwenda. Kwa hiyo mbao zetu za kuchorea zilisimama nyuma ya pazia pembeni ya ukumbi, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa ya mwenzake.

Hapa niseme jambo kabla hujanisemea wewe. Mimi simwamini mtu. Sokoni naangalia mzani, siangalii nyanya. Minko mwenyewe nilikuwa namnusa koti akitoka bustanini, na miaka yote hiyo sikukuta kitu zaidi ya udongo na tumbaku. Hilo nalo lilinitia wasiwasi. Mwanamume asiyekuwa na kitu kabisa, si anaficha?

Ijumaa moja ya mwezi wa pili Genadi akasema leo hakuna yai wala jagi. Kila mtu achore uso wa mtu kutoka kichwani, picha ni marufuku, na tutaushughulikia uso huo mpaka mwisho wa darasa. Hicho ndicho kilichonileta. Nikamchora Minko. Nikachora nusu saa, nikarudi nyuma hatua tatu nimtazame, nikakuta nimechora boga lenye kofia.

Nikaona bora ninyooshe mgongo, nipitie na za wenzangu, angalau nione nani kachora vibaya zaidi. Ndipo nikafika kwa Nevena.

Huyu Nevena ni msafishaji wa shule ya chekechea. Anaanza kazi alfajiri, saa tatu amemaliza, kisha anakuja darasani na harufu ya sabuni ya sakafu. Ana miaka hamsini na kitu, shingo ndefu, maneno machache, anachora amesimama. Hatukuwa na ugomvi. Hatukuwa na lolote.

Kwenye karatasi yake alikuwa Minko.

Si mtu anayefanana naye. Nyusi ya kushoto imekatwa katikati, pale palipopasuliwa na kipande cha kuni mwaka tuliohamia mtaani. Sikio lake lile kubwa. Kola ya sweta yenye zipu, na zipu imesimama upande kwa sababu niliishona vibaya nikasema nitaifumua sikuifumua. Sweta niliyofuma kwa mikono yangu mimi! Na mdomo, jamani. Mdomo ulikuwa umefunguka kidogo, upande mmoja umepanda, anataka kucheka. Mimi Minko alinichekea hivyo labda mara mbili, na moja alikuwa amelewa.

 Nikajikaza, nikamuuliza kwa sauti ya kawaida huyo ni nani. Akaona haya. Nilimwona kwa macho yangu, shingo ile ndefu ikawa nyekundu mpaka masikioni.

"Ah, mtu tu, dada," akasema. "Mtu niliyezoea kumwona asubuhi."

Asubuhi! Nikarudi kwenye boga langu, nikachukua mkate nikalifuta, nikakaa mpaka saa sita sijaweka hata alama moja.

Toka siku hiyo nilikuwa na kazi. Ukishaamua jambo, kila kitu kinakuwa ushahidi. Nilimuuliza anakaa wapi, akasema juu, karibu na bustani, kituo cha mwisho cha namba nne. Nikamuuliza mume, akasema hakubahatika. Hakubahatika, au alibahatika na wa mwenzake? Jumanne iliyofuata akaleta chupa ya pilipili za siki za kuonja, na ndani kaweka majani ya figili, vilevile alivyokuwa anazipenda Minko. Wenzangu wakala wakasifu. Mimi nikasema tumbo linaniuma. Nikakumbuka zile Jumamosi Minko alizoshinda bustanini kutwa nzima na kurudi na nyanya sita. Nyanya sita, kutwa nzima! Nilizihesabu wakati ule nikacheka. Sasa sikuwa nacheka.

Nyumbani nikaanza kumsema. Nikiosha vyombo namsema, nikikunja nguo namsema. Nilifungua kabati nikatoa lile sweta nikalipekua mifuko, nikalinusa, nikalitupa sakafuni, nikaliokota nikalitupa tena. Nilimwambia Minko wewe mkimya, wewe mpole, kumbe maneno yako ulikuwa unayapeleka kwa namba nne. Kwangu unakula, unafuta mdomo, unalala. Zhivka akapanda kuuliza nina mgeni gani ninayegombana naye. Nikamwambia ni redio.

Na huku darasani mchoro wa yule mwanamke unazidi kuwa mzuri. Kila siku anaongeza kivuli chini ya kidevu, ananyofoa mwanga kidogo kwenye paji kwa mkate, na Minko anazidi kuwa hai, anazidi kutaka kumwambia kitu. Yeye, si mimi. Genadi akatangaza kwamba huo ndio utakaotundikwa mlangoni mwa ukumbi kabla ya Pasaka, mji mzima upite uuone. Wiki ileile ya mwaka wa Minko! Watu watoke kanisani kula ngano ya kuchemsha, ile ya kumkumbuka mume wangu, wapite ukumbini wamkute anamchekea Nevena. Nilihisi damu inachemka mpaka kwenye meno.

Ningeweza kumuuliza. Najua. Mtu mwenye akili angemvuta pembeni akamuuliza. Lakini niliogopa atanijibu.

Jumanne ile nilifika nusu saa kabla. Mlinzi alinifungulia akarudi kwenye kahawa yake. Nikapita nyuma ya pazia, nikauvuta ubao wa Nevena, nikasimama mbele ya Minko. Nikamwambia haya, cheka. Kisha nikachukua kitambaa nikampangusa, toka paji mpaka kola, mara moja, na mara ya pili kwa mkono wa koti. Haikuchukua hata muda wa kuvua kofia. Ilibaki kijivu tu, na ndani ya kijivu kama moshi wa uso. Nikaurudisha ubao, nikaenda kukaa mahali pangu. Sikujuta. Naapa nilijisikia vizuri, kama mtu aliyefagia nyumba.

Wenzangu wakaingia, Nevena akaingia, akavuta ubao wake. Alisimama tu ameushika. Genadi ndiye aliyeona, akaja, akautazama kwa karibu, akasema huu si upepo, na paka hana kitambaa. Akatugeukia tukiwa tisa, akatuambia tuoneshe mikono. Tukaonesha. Mikono yote ilikuwa na masizi mpaka kwenye kucha, ya wiki nzima, hayatoki hata kwa sabuni ya kufulia. Mzee aliyekaa dirishani akaanza kumtazama msichana wa duka la dawa, msichana akamtazama yule fundi wa saa, na kila mtu akajitetea kabla hajaulizwa. Mimi nilijitetea kwa nguvu kuliko wote.

Genadi alikasirika akatoka nje kuvuta sigara, na wengine wakamfuata kwenda kuendeleza ubishi barazani. Nikabaki mimi na Nevena. Nilibaki kwa makusudi, nataka kumwona analia. Alikuwa analia kweli, bila sauti, anajipangusa kwa kiwiko ili asijipake masizi.

Nikamwambia si umchore tena, kwani kuna nini, mtu wako unamjua.

"Siwezi," akasema. "Hayupo tena. Wiki iliyopita walikwangua kituo wapake rangi, wakamtoa."

Nikamuuliza kituo gani.

"Cha basi, dada. Utanicheka. Ni tangazo la marehemu, lilibandikwa pale kituoni kwetu toka vuli. Mimi napanda basi la kwanza, tuko wawili tu, mimi na yeye. Nikazoea kumsalimia. Siku nyingine namwambia basi limechelewa, siku nyingine namlalamikia magoti yangu. Nyumbani sina wa kumwambia. Mwalimu aliposema tuchore uso wa kichwani, sikupata mwingine. Ndio maana niliona haya uliponiuliza. Ningesemaje, nazungumza na karatasi?"

Nikamuuliza jina la huyo marehemu ni nani.

Akasema hajui. Chini kwenye jina walishabandika tangazo la mtu mwingine, halafu paa la kituo linavuja tone moja, palepale usoni, wino ukaondoka kuanzia shavuni mpaka mdomoni. "Macho nilimwachia yake, na nyusi, na kile kisweta chake. Mdomo nilibuni mimi. Nilimpa wa kucheka, kwa sababu asubuhi kule ni baridi."

Kile kisweta. Kumbe alikuwa amekivaa siku ya picha ya kitambulisho. Nilimvalisha mimi mwenyewe, nikampandisha zipu mpaka shingoni ili jino lisipigwe na ubaridi, na tangazo lile nikalitazama mwaka mzima nisione kitu kingine zaidi ya uvimbe. Nililibandika kwa mikono yangu, nikampa mtu apeleke kituoni, halafu mwanamke wa watu kulitazama nikamhukumu.

Basi ndiyo hivyo. Hakukuwa na mwanamke. Nyanya sita zilikuwa nyanya sita.

Ungedhani nitafurahi. Nilingoja furaha ije, kikaja kitu kingine kabisa. Wiki tatu nzima nilikuwa na mume wa kugombana naye. Nikiamka alikuwepo, nimtukane. Nikipika alikuwepo, nimnunie. Nilikuwa namwandalia maneno ya kesho. Sasa kesi imekwisha, hana kosa hata moja, na amekufa. Mazishini sikulia, watu walinisema. Siku ya arobaini sikulia. Nililia pale, nimekaa kwenye kiti cha Genadi, mbele ya mwanamke niliyemfutia kazi yake, na nililia vibaya, kwa pua na mabega.

Nevena akadhani namlilia yeye. Akaniwekea mkono mgongoni, akaniambia nyamaza dada, ni mchoro tu. Hilo lilikuwa baya kuliko tusi.

"Ni mimi niliyefuta," nikamwambia. "Huyo ni mume wangu. Nilidhani alikuwa wako."

Mkono ukatoka mgongoni. Barazani wenzetu walikuwa bado wanabishana nani aliingia wa kwanza. Nilikuwa tayari anizabe kibao, na ningekipokea.

"Anaitwa nani?" akauliza.

"Minko."

"Minko," akasema, polepole, anaitazama ile karatasi ya kijivu. Na mimi, nikiwa na makamasi mpaka kidevuni, nikahisi wivu kidogo ulivyolitamka.

Hakunisamehe siku ile, na sitasema alinisamehe. Alisema nimemfanyia kitu kibaya sana, kwamba yeye hana watu wa kutundika picha zao ukutani, alikuwa na ule ubao tu. Alisema atamwambia mwalimu yeye mwenyewe au nitamwambia mimi, nichague. Nikasema nitamwambia mimi. Kisha akauvuta ubao, akausimamisha mbele yangu, akanipa kijiti chake cha mkaa.

"Haya, mrudishe. Macho bado yanaonekana kwa chini, yafuate. Mdomo mimi sikuujua, niliubuni. Wewe unaujua."

Nikafinya macho kama tulivyofundishwa. Ndani ya kijivu alikuwepo, nyusi, sikio, zipu iliyoenda upande. Nikapita juu ya mistari ya Nevena taratibu, mkono wangu ukifuata alikopita mkono wake, kama mtoto anayefunzwa kuandika. Nilipofika mdomoni nikasimama. Nilijaribu kumpa ule wa kucheka, ukakataa, nikaunyofoa kwa mkate. Nikajaribu wa huzuni, huo nao si wake. Nevena alisimama nyuma yangu anangoja.

Ndipo nikauona, vilevile nilivyouona kila jioni ng'ambo ya meza kwa miaka thelathini na nane. Nikauchora umefungwa, umenyooka, pembe moja imebanwa kidogo. Ni mdomo wa mtu anayengoja mkewe amalize kusema.